Kliniki ya fizio baada ya korona: maswali ya wagonjwa na ya wenzetu

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya kimataifa tena. Kirusi chenyewe hakikuhama. Kingali kinazunguka pamoja na mafua mengine na kifua kikuu, na hapa Mombasa, kwenye kazi yangu ya fizio (tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi), ningali naulizwa maswali yale yale ya kujikinga, na wagonjwa na hata wenzangu wanaofungua kliniki ndogo mitaani. Haya ndiyo yanayorudi sana.

Kama kuna hatari, si bora kliniki ifungwe mpaka mambo yatulie?

Kufunga nako kuna majeruhi wake. Aprili 2020 usafiri wa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale ulizuiwa, na waliokuwa karibu na hospitali nao waliiogopa. Fikiria mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Anafungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha anavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu usiku tu kwa miaka kadhaa. Akikatishwa katikati, mguu huanza kurudi ulikotoka. Mgonjwa wa kiharusi asiyenyooshwa mkono hukaza vidole mpaka kucha zinachimba kiganja. Hayo hayamo kwenye hesabu ya waliougua korona, lakini ni madhara ya janga lile lile. Kwa hiyo mimi siulizi tufunge au tufungue. Nauliza tufungue vipi.

Fizio ina hatari gani kuliko kumwona daktari wa kawaida?

Tunashikana, tena kwa nusu saa au zaidi, uso karibu na uso. Mgonjwa anahema kwa nguvu. Na kitanda alichoinuka mmoja, mwenzake analalia.

Chumba chetu kina AC nzuri. Si hewa safi hiyo?

Hapana, na hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. AC ya ukutani inavuta hewa ya chumbani, inaipoza, inairudisha humo humo. Haileti hewa kutoka nje. Joto la Februari linatufanya tufunge madirisha na kuiwasha siku nzima, na pumzi ya mgonjwa wa saa mbili asubuhi inamngoja wa saa tatu.

Fungua madirisha ya kuta mbili zinazotazamana, au dirisha na mlango. Pwani tumejaliwa upepo, kusi au kaskazi, kwa hiyo kazi yetu ni kuuachia njia tu. Ujaribu hivi: kata utepe mwembamba wa karatasi ya shashi, uushike dirishani. Ukipepea, hewa inapita. Ukining'inia umekufa, weka feni dirishani ikitazama nje, isukume hewa ya ndani itoke. Usiielekeze feni ivume kutoka kwa mgonjwa mmoja kumwendea mwingine. AC ukiitaka kwa joto, iwashe na dirisha moja likiwa wazi. Bili ya umeme itapanda, najua, lakini sioni pa kuipunguza hapo.

Kina mama wengi wanataka stara, na wana haki. Kuna kliniki niliyofanya kazi ambayo pazia zito lilitoka darini mpaka sakafuni, na ndani yake hewa haikutikisika. Tulilibadilisha kwa kiwambo cha kusimamisha kinachofika juu kidogo ya kichwa cha aliyeketi, kitanda kikageuzwa kisitazame mlango. Stara ilibaki na upepo ukapita.

Mazoezi ya kutembea na ya kusimama yafanyeni barazani au uwanjani panapowezekana. Nalo benchi la kungojea litoeni ukumbini mwenye giza mliweke chini ya mwarobaini. Wagonjwa wapewe saa zao, wasiambiwe wote "njooni asubuhi", maana msongamano hauondoki kwa bango la ukutani.

Tupulize dawa chumba kizima kila jioni?

Msipulize. Kupuliza hewani hakufikii chini ya kitanda wala nyuma ya mpini, na mvuke wake unaumiza mapafu ya anayepuliza. Mtu naye hapulizwi dawa kamwe. Pangusa kwa kitambaa vile vinavyoguswa: kitanda, mpira wa kuvuta, vyuma vya kushikia, mipini ya magongo, kichwa cha mashine.

Kwanza sabuni na maji, kwa sababu uchafu na jasho huua nguvu ya klorini. Kisha klorini ya asilimia 0.1. Dawa ya dukani mara nyingi ni asilimia 3.5, soma lebo. Ikiwa ni hiyo, kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji. Iache ikae angalau dakika moja, kisha pangusa kwa maji safi, la sivyo itakula ngozi ya kitanda na kutia vyuma kutu. Changanya mpya kila siku, na usiitie pamoja na dawa nyingine ya choo wala siki. Gesi inayotoka ni sumu.

Sasa tazama kitanda chenyewe. Kwenye kona, pale magoti yanapopandia, utakuta mpasuko na sponji ya manjano imechungulia. Hiyo sponji imekunywa jasho la watu wote waliotangulia na hakuna kitambaa kitakachoifikia. Mpe fundi wa viti vya matatu aishone ngozi mpya. Kwa maoni yangu hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko mashine ya kupuliza.

Mikono: sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, au kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30, kabla ya kila mgonjwa na baada yake. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa.

Nikiamka na homa na kikohozi, nije?

Piga simu, usije. Na hapa nasema na wenye kliniki: mkimtoza faini anayekosa miadi, atakuja akikohoa. Mfanyakazi anayelipwa kwa siku naye atameza panado na kuvaa sare. Mpeni ruhusa yenye malipo, hata kidogo. Mgonjwa apigiwe jana yake aulizwe kuhusu homa, kikohozi na kupotewa na harufu. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aelekezwe kupimwa kifua kikuu, ugonjwa ambao ungali mkubwa Kenya.

Barakoa bado?

Wakati maambukizi yamepanda, ndiyo, kwa mhudumu na mgonjwa. Mtoto wa miaka 5 kushuka chini asivalishwe. Anayefanya zoezi la kumfanya aheme aivue akiwa nje au dirishani, mhudumu akisogea mita mbili.

Na mazoezi ya kifua, yale ya kukohoa makohozi?

Chumba cha peke yake chenye dirisha wazi, mhudumu avae barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo, iliyobana uso, na mgonjwa huyo awekwe mwisho wa siku. Chumba ambacho hewa yake hubadilika mara 6 kwa saa huhitaji kama dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya chembe zilizobaki hewani. Ikibadilika mara 12, dakika 23. Usimwingize mwingine kabla ya hapo.

Nilipona korona lakini nikipanda ngazi nachoka ovyo. Nijilazimishe mazoezi?

Usijilazimishe. Kuna watu ambao uchovu wao baada ya korona una tabia ya pekee: unafanya kazi leo vizuri, kesho au keshokutwa unaanguka kitandani, kichwa kizito, mwili kama umepigwa. Ukiwa hivyo, kukazana kunakurudisha nyuma. Andika kwa wiki moja ulichofanya na ulivyoamka kesho yake. Gawa kazi: nusu ya nguo leo, nusu kesho, na upumzike kabla hujachoka. Tunaanza mazoezi chini ya kiwango chako na tunapandisha pale tu siku zinazofuata zinapokuwa shwari.

Tunakupima oksijeni kwa kile kibano cha kidoleni, umeketi, kisha baada ya kusimama na kuketi kwa dakika moja. Ikishuka kwa asilimia 3 au zaidi, tunasimama na kukupeleka kwa daktari. Wenzangu, tazameni kucha: rangi au hina nyeusi huvuruga kipimo, basi tumieni kidole kisicho na rangi au ncha ya sikio. Tena utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi kibano hiki mara nyingi zaidi husoma juu kuliko oksijeni iliyomo kweli kwenye damu. Mgonjwa wetu akisema hewa haitoshi, mwamini yeye kabla ya namba.

Maumivu ya kifua, kuzimia, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, au shavu la mguu mmoja kuvimba: hospitali, siku hiyo hiyo.

Kwa simu ya video je?

Inafaa kwa mgongo, bega, na kufuatilia mazoezi ya nyumbani. Haifai kwa kiharusi kipya, kwa anayeangukaanguka, wala kwa plasta.

Mama yangu aliacha fizio tangu 2020, mkono umekaza. Tumechelewa?

Mlete. Hatutaanzia alipoachia, tutampima upya: vidole vinafunguka kiasi gani, bega linauma wapi, anainukaje kitini bila kuvutwa. Msimvute mkono mbovu mnapomshusha tuktuk. Mje na dawa zake zote kwenye mfuko, viatu anavyovitumia nyumbani wala si vile vya harusi, na leso yake mwenyewe ya kutandika kitandani. Na aje na yule anayemwogesha kila siku, maana ndiye tutakayemfundisha.