Bakuli la Shino: ligeuze kwanza uone kitako

Ukimwonyesha mtu picha ya bakuli la Shino, yani bakuli la chai la Kijapani, atasifia weupe, na kweli unavuta macho, glezi (ule utando wa kioo juu ya udongo) nene yenye vitundu vitundu kama ganda la chungwa, halafu ukingoni pameiva wekundu wa moto. Mimi mfinyanzi naomba picha ya chini. Kwenye kitako glezi haifiki, udongo uko uchi, na hapo ndo unajua chombo kimetoka wapi.

Yanayotafutwa sana ni ya mwishoni mwa karne ya 16, enzi za Momoyama huko Japani, wakati chai ya macha, ile ya unga wa kijani, ilikuwa shughuli nzito ya wababe wa vita na wafanyabiashara wakubwa, na vyombo vya China na Korea vilikuwa na heshima kubwa. Glezi ya Shino karibu yote ni feldspa, madini ya mawe, iliyosagwa, basi. Wanaipaka nene, wanachoma kwa siku kadhaa kwenye ogama, yani tanuri la chumba kimoja lililozama nusu ardhini, kisha linaachwa lipoe taratibu. Feldspa ikiyeyuka inakuwa nzito sana, hewa ikitoka inaacha tundu na tundu halizibi. Pale glezi ilipokuwa nyembamba chuma kidogo kinajitokeza, ndo ule wekundu. Kuna na michoro ya rangi ya chuma chini ya glezi, majani, uzio, mistari miwili mitatu ya haraka haraka, na kwa Japani wakati ule kuchora kwa brashi chini ya glezi lilikuwa jambo jipya kabisa.

Sasa, miaka na miaka wataalamu waliamini Shino ilitoka Seto, mji wa wafinyanzi karibu na Nagoya, na hakuna aliyehoji. Mwaka 1930 mfinyanzi Arakawa Toyozo akiwa Nagoya akapata nafasi ya kushika bakuli la zamani lenye mchoro wa chipukizi la mwanzi, akaligeuza (si nilisema!), akaona kwenye kitako kimeng'ang'ania kidonge kidogo cha udongo mwekundu, masalia ya kile kilichokuwa kimelibeba ndani ya tanuri. Udongo wa Seto aliokuwa anaujua yeye haukuwa hivyo. Mtu mwingine angekunywa chai yake akaondoka, yeye akaenda zake milimani Mino, mkoa wa Gifu wa leo, kwenye mabaki ya matanuri ya zamani pale Mutabora, akachokonoa chini mpaka akaokota kigae cha Shino chenye chipukizi lile lile la mwanzi. Kigae kimoja tu, na historia ya Seto ikabidi iandikwe upya. Baadaye akajenga tanuri la ogama bonde hilo hilo, akahangaika nalo miaka mingi akitafuta ule weupe, na mwaka 1955 serikali ikamtambua kama Hazina Hai ya Taifa.

Kama uko Tokyo uliza Makumbusho ya Mitsui, wanalo Unohanagaki, bakuli la Shino ambalo ni Hazina ya Taifa, ila haliko nje kila siku. Mabakuli ya chai yaliyotengenezwa Japani yenye hadhi hiyo ni mawili tu, la pili ni Fujisan la Hon'ami Koetsu, hilo ni raku, aina nyingine ya vyombo vya chai vya Kijapani. Unohanagaki limepinda, mdomo unapanda na kushuka, mistari yake kama uzio umechorwa na mtu mwenye haraka, na kwangu mimi linalipita Fujisan mbali. Wapenzi wa raku najua mtanijia juu, karibuni.