Santuri za Ireland za mtumba: fuata mwalimu na mwanafunzi wake

Wanaoanza kukusanya santuri za muziki wa asili wa Ireland huniuliza waanzie wapi. Mara nyingi huwa wameshanunua rundo la zile zenye jalada la kijani, vilima na majani ya shamrock (jani la sehemu tatu, nembo ya Ireland), zilizotengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni za bei rahisi, zimejaa kila mahali, na nyingi hazikuambii hata nani anapiga fidla. Jibu langu ni lilelile siku zote: tafuta jina la mpigaji, kisha uulize nani alimfundisha.

Chukua zumari la Ireland, uilleann pipes. Halipulizwi kwa mdomo. Mpigaji hubana mvukuto kwa kiwiko, hewa ikaingia kwenye mfuko ulio chini ya mkono wa pili. Vidole vyake vikicheza kwenye bomba la wimbo, mabomba mengine yanavuma sauti moja bila kukatika. Mwaka 1959 Garech Browne alianzisha kampuni ya Claddagh Records mjini Dublin, na santuri yao ya kwanza, namba CC1, ilikuwa ya Leo Rowsome. Mzee huyu alikuwa mpigaji, fundi wa kuunda mazumari, na mwalimu. Mwanafunzi wake mmoja, Paddy Moloney, ndiye aliyeunda bendi ya The Chieftains, na santuri yao ya kwanza ndiyo CC2. Mwingine, Liam O'Flynn, ndiye unayemsikia kwenye santuri ya kwanza ya bendi ya Planxty, iliyotolewa na kampuni ya Polydor, 1973.

Zisikilize hizo tatu kwa mfuatano. Utasikia mkono wa Rowsome kwa O'Flynn, lakini utasikia pia ulaini ambao haukutoka kwa Rowsome. O'Flynn alijifunza mengi pia kwa wapigaji zumari Séamus Ennis na Willie Clancy, kwa hiyo msako wako unaofuata umeshajulikana: santuri ya Willie Clancy, 1967, ya kampuni ya Topic ya London, namba 12T175. Clancy alifariki 1973, na mwaka huohuo kijijini kwao Miltown Malbay ikaanza shule ya kiangazi yenye jina lake, ambako hadi leo watu hufurika kujifunza. Hivi ndivyo mkusanyiko unavyokua wenyewe, santuri moja ikikutuma kwa nyingine.

London ni mahali pazuri pa kutafuta kwa sababu inayoeleweka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, maelfu kwa maelfu ya watu wa Ireland walikuja kufanya kazi za ujenzi na za hospitali, wakakaa Kilburn, Camden na Holloway. Muziki wao ulihamia baa. Mwaka 1968 Topic walitoa Paddy in the Smoke, iliyorekodiwa katika baa ya The Favourite, Holloway, kelele za wanywaji zikiwemo. Naipenda mno santuri hiyo. Fidla zinakimbia kama watu wanaojua kesho asubuhi kuna zege la kumwagwa. Kizazi kile kikiondoka, vyumba vinasafishwa, na makasha yao yanaishia kwenye maduka ya mashirika ya misaada.

Ukipata santuri ya Topic, kabla hujaangalia mikwaruzo, ingiza vidole ndani ya jalada. Topic waliweka kijitabu chenye maelezo ndani ya santuri zao nyingi, na kijitabu hicho ndicho kinachopotea kwanza. Humo ndimo unamoelezwa mpigaji alizaliwa wapi na wimbo aliupata kwa nani. Mimi niko tayari kulipa zaidi kwa nakala iliyochakaa kidogo yenye kijitabu kuliko safi isiyo nacho.

Halafu itoe santuri, iinamishe chini ya taa. Tazama kwanza kuzunguka tundu: michirizi mingi midogo ina maana imewekwa na kutolewa mara nyingi sana. Kisha tazama nyimbo za mwisho, karibu na lebo. Mzunguko mmoja pembeni ni karibu sentimita 90 za mfereji, lakini huku ndani haufiki nusu yake, ingawa muda ni uleule. Sauti inabanwa, na sindano nzito za zamani zilikwangua hapo zaidi. Ukiona weusi umefifia ukawa kijivu, fidla itakwaruza.

Kwa zumari kuna mtego mwingine. Tundu la santuri likitobolewa nje ya katikati hata kidogo, sauti hupanda na kushuka kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.8. Kwenye bendi yenye gitaa unaweza usigundue. Kwenye mvumo wa zumari utagundua mara moja, na hakuna kuosha kutakakoliondoa tatizo hilo.

Kuhusu bei, usijitese na Paddy on the Road ya mwimbaji Christy Moore, 1969. Zilitoka nakala 500 tu na bei yake ni ya mnada. Tafuta santuri yake Prosperous, 1972, ya kampuni ya Trailer, ambamo Moore, O'Flynn, Andy Irvine na Dónal Lunny walikutana kabla ya kuwa Planxty. Na Planxty yenyewe ukiipata iliyotolewa upya na kampuni ya Shanachie ya Marekani, nunua bila aibu.

Ninapokuwa mkali ni kwa waimbaji wa sean-nós, mtindo wa kuimba peke yako bila ala, kama Joe Heaney wa Carna, magharibi mwa Ireland. Riili, yaani wimbo wa dansi, inayochezwa kwa kasi hubeba mikwaruzo na bado ukaifurahia. Sauti moja tupu haina pa kujificha; kila mkwaruzo unakata neno. Nakala ya Heaney iliyochakaa huwa nairudisha kwenye kreti, nasubiri nyingine.