Bamvua: maji yanayofungua milango ya Rufiji

Bamvua ni maji makubwa ya bahari, yanayokuja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapopevuka. Jua, mwezi na dunia huwa vimekaa mstari mmoja, basi jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja. Kilele huchelewa siku moja au mbili. Wengi hukumbuka kwamba maji ya bamvua hujaa sana, wakasahau kwamba hupwa sana pia. Kinyume chake ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Katika delta ya Rufiji, inayotazamana na Mafia, jambo hili lilitawala biashara. Mto humwaga mchanga kwenye milango yake ya kutokea baharini, kama Simba Uranga na Kikunya, na mafungu ya mchanga huhama, kwa hiyo njia ya mwaka jana haiaminiki. Majahazi yaliingia humo kufuata boriti za mikoko, zilizohesabiwa kwa korija (korija moja ni boriti 20) na kupelekwa hadi Arabuni na Ghuba.

Jahazi tupu huelea juujuu. Likishapakiwa huzama zaidi. Kwa hiyo nahodha mwenye akili huingia siku chache kabla ya kilele, bamvua ingali inakua, ili atoke na maji makubwa kuliko yaliyomwingiza. Akichelewa kupakia hadi kilele kipite, kila siku maji yanapungua, na shehena ile ile iliyopita jana leo inagusa.

Saa nazo zina hesabu yake. Pwani ya Unguja na Dar es Salaam, bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha kila siku husogea mbele kama dakika 50. Ndani ya mto maji hufika baadaye zaidi.

Fungu huvukwa maji yakiwa yanajaa, bildi (kamba yenye uzito wa kupimia kina) au upondo (mti mrefu wa kusukumia chombo) ukipima mbele. Chombo kikigusa, maji yanayopanda yatakinyanyua. Kikigusa maji yakitoka, kitabaki pale. Kitalala ubavu, shehena itakimbilia upande mmoja, mbao zitaachana na kalafati, pamba iliyoziba nafasi kati yake, itatoka. Na kikikwama kwenye kilele chenyewe, hakuna ujanja: ni kushusha boriti, au kungoja bamvua ijayo, wiki mbili nzima. Hata hiyo si lazima ifike kimo kile kile, maana bamvua hazilingani.