Je, kisu kikigusa mguu wa mwenye kisukari, mguu ndio basi tena?

Mjini Kisumu, kuanzia soko la Kibuye hadi nje ya lango la hospitali ya Jaramogi, ile wenyeji wanayoiita Russia, ushauri ni mmoja: usikubali kisu mguuni, wakianza na kidole watamalizia kwenye goti. Wanaosema hivyo hawazushi. Wamemwona jirani akikatwa kidole gumba, na mwaka haujaisha amerudi kukatwa mguu. Ila kisu kutangulia si ushahidi kwamba ndicho kilichoharibu, na hofu hii huwaweka watu nyumbani na vidonda ambavyo vingepona.

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, neva ndefu ndizo huumia kwanza, na ndefu kuliko zote ni zile zinazofika vidoleni. Wayo hupoteza hisia. Msumari ukichomoza ndani ya akala, mtu anaweza kuukanyaga hadi jioni asijue. Misuli midogo ya mguu nayo hudhoofika, vidole vikajikunja na ncha zake zikawa zinagonga chini kila hatua. Kano ya kisigino, ule ukano mgumu unaoshikanisha msuli na mfupa nyuma ya kifundo, hukakamaa, mzigo ukahamia mbele ya wayo. Mwenye hisia angechechemea, akapumzisha sehemu inayouma. Huyu hukanyaga palepale.

Dereva wa matatu ya Nakuru kwenda Kisumu anaijua hali hii. Tairi likikosa alainimenti hulika upande mmoja, na ukiliziba bila kunyoosha gurudumu litalika tena hapohapo. Kusafisha kidonda na kukifunga bandeji ni lazima, lakini hicho ni kiraka. Kidonda cha wayo hupona mzigo ukiondolewa. Ndiyo maana, kama hakuna maambukizi makali na damu inafika vizuri, plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, inayofika chini ya goti hushinda kiatu maalumu: mgonjwa hawezi kuivua usiku akienda chooni.

Mpasuaji wa miguu naye, mara nyingi, kazi yake ni hiyo alainimenti. Kidole kilichojikunja hukatwa kano yake ya chini kupitia tundu dogo tu, kikanyooka, ncha ikaacha kugonga. Kano ya kisigino inaweza kurefushwa. Hiyo si ya kila mtu, kwani ikirefushwa kupita kiasi mzigo huangukia kisigino na kuanzisha kidonda kingine.

Na yule jirani? Mara nyingi kisu huja wakati usaha umeshafika mfupani. Kidole gumba kikiondoka, mzigo wake hugawiwa vidole vilivyobaki, huku neva ni zilezile zilizokufa na huenda mishipa ya damu imeziba. Kwa hiyo hatari ya kukatwa tena ipo kweli. Damu isipofika, hata jeraha dogo la upasuaji halifungi, na kwa sababu hiyo mapigo ya damu ya juu ya wayo na ya nyuma ya kifundo hupimwa kwanza.

Uingereza ina wapasuaji wa miguu katika hospitali za umma ambao hawakupitia shule ya udaktari: walisomea miguu chuoni, kisha wakafunzwa upasuaji kwa miaka mingi. Kwetu kazi hiyo imegawanywa kati ya daktari bingwa wa mifupa, mpasuaji wa kawaida, afisa wa kliniki wa mifupa, fundi wa plasta na muuguzi wa kliniki ya kisukari. Ujuzi upo, ila mguu mmoja ukipita mikono mingi hivyo ni rahisi swali la mzigo kukosa mwenyewe. Mgonjwa aliulize mwenyewe: kidonda changu kitapunguziwa vipi uzito?

Kipimo cha mapema hakihitaji mpasuaji. Ni uzi wa nailoni unaojipinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, na unaweza kutumika hata kwenye zahanati ya kijijini. Mgonjwa hufumba macho, muuguzi hugusa wayo hapa na pale, naye husema anapohisi. Asiyehisi anastahili kukaguliwa miguu angalau kila miezi 6 hadi 12, na mara nyingi zaidi kama amewahi kuuguza kidonda.