Saladi ya viazi vitamu: maswali na majibu

Nina kisukari. Saladi hii inanifaa?

Inakufaa, mradi uchunge upishi na kipimo. Kiazi kitamu cha kuchemsha hupandisha sukari ya damu polepole kuliko cha kuoka. Katika oveni, wanga mwingi hugeuka sukari, ndiyo maana kiazi kilichookwa hutoa utomvu mtamu unaonata pembeni. Kwa hiyo chemsha. Kikishapoa, sehemu ya wanga uliobaki hukaza na kuwa mgumu kumeng'enywa, ukapita tumboni kama nyuzinyuzi. Hata hivyo, usijaze sahani kwa sababu hiyo: gramu 100 za kiazi cha kuchemsha bado zina gramu 18 hivi za wanga. Usiihesabu saladi hii kuwa mboga. Ukiila, punguza wali au mkate.

Visipondeke, nifanyeje?

Visugue vizuri, uviweke vizima na maganda yake katika maji baridi, kisha uviache vitokote kwa moto mdogo. Chomeka kisu: kikiingia kwa urahisi lakini katikati ukahisi ugumu kidogo, epua. Ganda huzuia vitamini C isiishie majini. Menya vikiwa vuguvugu, kata vipande vya sentimita 2, kamulia limau papo hapo. Kiazi chenye joto hunywa limau hadi ndani, na utashangaa jinsi unavyohitaji chumvi kidogo. Kitunguu kilichokatwa vyembamba na majani ya giligilani vingoje kipoe.

Napunguza uzito. Niache mafuta kabisa?

Hapana, tafadhali. Kiazi chenye rangi ya chungwa ndani kimejaa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga. Bila mafuta, nyingi hupita bila kufyonzwa. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa kila mlaji kinatosha. Karanga au parachichi pia hufanya kazi hiyo. Kinachoniuma ni kuona chakula kizuri namna hii kikizamishwa kwenye mayonezi. Ukiitaka, changanya kijiko kimoja na mtindi usio na sukari. Viazi vyeupe ndani vinashibisha vilevile, ila beta-karotini yake ni kidogo mno.

Kiazi kina doa jeusi. Nikate tu?

Kovu dogo, kavu, la jembe, kata. Ukiona ukungu, au kipande kikiwa kichungu mdomoni, tupa kiazi kizima. Uchungu huo ni dalili ya sumu ambayo kiazi hutengeneza kikishambuliwa na kuvu, na kuchemsha hakuiondoi.

Nina ugonjwa wa figo.

Viazi vitamu vina potasiamu nyingi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini, kwa hiyo muulize kwanza daktari au mtaalamu wako wa lishe. Akikuruhusu kidogo, njia yako ni kinyume cha ile ya juu: menya kwanza, kata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, kisha mwaga maji hayo pamoja na potasiamu iliyoingia humo.

Imebaki. Naweza kuila kesho?

Ndiyo, ikiwa iliingia friji ndani ya saa 2 baada ya kuandaliwa, au saa 1 kukiwa na joto linalozidi nyuzi 32. Imalize ndani ya siku 3. Iliyokaa mezani mchana kutwa usiionje hata kama hainuki, kwa sababu vijidudu vingi vinavyoharisha havina harufu. Na kama mayonezi yake ilitengenezwa nyumbani kwa mayai mabichi, mjamzito, mtoto mdogo na mzee wasipewe kabisa, hata ikiwa imeandaliwa sasa hivi.