Bei ya chini peke yake si kosa

Mtu akiona misumari ya nje inauzwa chini ya ile ya kiwandani kwetu, husema moja kwa moja: "Wanatumwagia bidhaa, serikali izuie." Dhana hii ni ya siku nyingi, ila sheria za Shirika la Biashara Duniani (WTO) hazisemi hivyo.

Kinacholinganishwa kwanza si bei yao na yetu. Ni bei wanayotuuzia sisi na ile wanayouziana wao kwao. Msumari uliotengenezwa kwa gharama ndogo unaweza kuwa rahisi huku na rahisi vilevile kwao. Hapo hakuna umwagaji bidhaa (dumping), yaani kutuuzia chini ya bei ya kwao. Tofauti ikiwapo, lazima ifike asilimia 2 ya bei ya kuuzia nje, kisha ithibitike kwamba ndiyo iliyoumiza viwanda vya ndani. Hapo ndipo serikali inaweza kutoza ushuru wa kuzuia umwagaji, nao hukoma baada ya miaka 5, isipokuwa mapitio yaonyeshe bado unahitajika.

Na mgeni akishazuiwa? Wazalishaji wa ndani wanaweza kukaa kikao wakapanga bei. Nchini Tanzania, hilo limekatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2003.