Daraja la Reli mahali ambapo treni haijafika

Treni haijawahi kufika Malindi, lakini mtaani kwetu tuna Daraja la Reli. Mgeni akielekezwa apitie hapo huanza kutafuta mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli. Hayapo. Kuna korongo linalojaa maji masika na vuli, kuta mbili za mawe ya matumbawe, nguzo moja katikati, na juu yake vyuma saba vya reli kuukuu vilivyolazwa sambamba kisha vikamwagiwa zege. Aliyevileta vyuma hivyo hapa, kila mzee ana lake.

Mimi ni mhandisi wa madaraja. Miaka yangu mingi ya kazi nimekagua madaraja ya reli ile ya zamani, ya upana wa mita moja, kati ya Mombasa na Voi. Basi baraza lilipoitishwa kujadili kama daraja livunjwe au litengenezwe, nikaambiwa, "Mwanangu, wewe ndiye mwenye elimu yake, njoo utuambie." Nilikwenda, ila kelele zilinizidi. Acha niseme hapa.

Vijana wa bodaboda na wenye malori ya mchanga wanataka daraja jipya, pana, magari mawili yapishane. Wazee wanataka libaki kwa kuwa "limebeba masika yote haya". Fundi wa kuchomelea akajitolea kutia viraka kwa bei ya ujirani. Na bwana mmoja, mwenye sauti kuliko wote, akasema tulaze kalvati tatu, yale mabomba makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara, tumwage kifusi, tumalize.

Nianze na fundi, maana ndiye aliyenitia hofu. Chuma cha reli si chuma cha dirisha. Kina kaboni nyingi ili magurudumu yasikile upesi, na ukikichomelea kikiwa baridi, sehemu inayozunguka mchomo hupoa ghafla ikawa ngumu na dhaifu kama kioo. Ufa huanzia hapo. Mafundi wa reli hukipasha moto kwanza, kisha wakakiacha kipoe polepole. Tena reli haikuumbwa kuwa boriti. Njiani hulalia mataruma yasiyoachana hata mita moja; hapa inaning'inia karibu mita nne kila upande wa nguzo. Chuma laini hupinda kwanza, ukakiona, ukakimbia. Hiki hukatika bila kuaga.

Siku moja kabla ya baraza nilishuka korongoni na nyundo na brashi ya waya. Nilipokwangua kutu ubavuni mwa reli mojawapo zikatokea herufi za kiwandani, zimevimba juu ya chuma, na namba 50. Maana yake ratili 50 kwa yadi, takriban kilo 25 kwa mita: uzito uleule wa reli za mwanzo zilizotoka Mombasa mwaka 1896 zikafika Kisumu 1901. Nilisimama pale nikicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikaanza kugonga zege. Zege zima hulia "ti". Lililoachana na chuma hulia "bu". Upande unaotazama kusi, karibu nusu nzima ililia bu. Upepo wa baharini huleta chumvi, chumvi hupenya hadi kwenye chuma, na kutu huvimba ikachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, ikalisukuma zege likapasuka kutoka ndani. Kupaka plasta juu yake ni kumvisha mgonjwa kanzu.

Bado, si hilo lililoninyima usingizi. Ni ile nguzo. Maji yakigonga nguzo hujizungusha miguuni mwake yakachimba. Shimo huwa refu zaidi wakati mafuriko yako kileleni. Maji yakipungua, mchanga hurudi ukalifukia. Asubuhi unakuja, unaona chini kumetulia, unasema daraja limesalimika, kumbe nguzo imezungukwa na mchanga ulioletwa usiku. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa wazee wangu, masika yote haya hayathibitishi uzima wa daraja. Huenda kila masika yalichota kidogo chini ya nguzo.

Nao wanajua maji hubeba nini. Mto Tsavo, unaopita chini ya daraja la reli lililoanzwa 1898, lile la simba wala watu, huungana na Athi ukawa Galana, na mwisho huingia baharini hapa kaskazini yetu kwa jina la Sabaki. Mvua ikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Korongo letu ni dogo, lakini linachimba vilevile.

Sasa bwana wa kalvati. Reli ilipoingia kisiwani Mombasa ilivuka kwa daraja la chuma lililoitwa Salisbury. Baadaye daraja likaachwa, pakajazwa tuta la Makupa. Rahisi, na halitaki mkaguzi. Ila lilikata njia ya maji kati ya hori la Tudor, yaani mkono wa bahari, na lile la Port Reitz kwa miongo mingi, hadi 2022 yalipofunguliwa madaraja mapya ili maji ya kujaa na kupwa yapite tena. Kwetu hakuna hori, lakini kalvati tatu zikizibwa na matawi na chupa za plastiki usiku mmoja wa mvua, tuta litakuwa bwawa, na bwawa lile litamwagikia nyumba za upande wa juu. Bwana huyo anaishi upande wa chini.

Mimi nataka daraja la mruko mmoja, lisilo na nguzo katikati. Upana wa barabara nitauachia wenye magari. Na kabla ya kuchora lolote, tuchimbe pembeni mwa ile nguzo tuone imesimama juu ya nini.

Swali zuri kuliko yote aliliuliza mama muuza samaki, ambaye ilibidi anyanyue mkono mara tatu: "Mkishabomoa, sisi tutapitia wapi?" Hakujibiwa. Jibu ni kivuko cha miguu, kijengwe kwanza, kitumike, ndipo nyundo ya kwanza ipigwe. Na kazi ianze Januari, wakati wa kaskazi, korongo likiwa kavu.

Baraza liliafikiana jambo moja tu, kwamba malori yasipite. Vijana wakasimika vigingi viwili mlangoni mwa daraja, tuktuk na gari dogo linapenya, lori halipenyi. Siku ya tatu kigingi kimoja kilikuwa kimeng'olewa, na alama za matairi mapana zimekwenda moja kwa moja hadi ng'ambo. Nimekirudisha mwenyewe, safari hii kwa zege.